Gamba la Nyoka katika ardhi ya Mwalimu

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Euphrase Kezilahabi alizaliwa kijiji cha Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944. Siku moja, mwezi mmoja, ziwa moja, na miaka 22 katikati yao. Ukitoka Butiama alfajiri, ukaishika barabara ya Bunda, ukakata kwenda Kibara mpaka Kisorya, kisha ukapanda kivuko cha Rugezi, jioni hiyo hiyo unakula samaki Ukerewe. Wote wawili walishika chaki darasani kabla nchi haijawajua, na wote wawili walitunga mashairi. Mmoja aliipa Tanzania siasa ya ujamaa. Mwingine aliiandikia siasa hiyo riwaya nzito kuliko zote nilizowahi kusoma kwa Kiswahili, Gamba la Nyoka, iliyochapishwa mwaka 1979, Mwalimu Nyerere akiwa bado Ikulu.

Nimeirudia riwaya hiyo hivi karibuni nikiwa nyumbani Mara, na jambo moja limenisikitisha: huku kwetu haisomwi kama inavyostahili. Kila inapofika 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu kwa ibada, kwa hotuba na kwa nyimbo. Watu wanapanda Mwitongo, Butiama, kulizuru kaburi lake, wanaingia makumbusho, wanapiga picha kwenye mawe makubwa yanayouzunguka mji wake. Lakini ukimtajia mtu mzima wa Musoma riwaya ya Kezilahabi, mara nyingi anakunja uso. Nimeambiwa zaidi ya mara moja kwamba kile ni kitabu cha kumsema Mzee. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniambia kwamba akifika kwenye riwaya hiyo hufundisha tamathali za semi na wahusika, siasa anairuka. Mimi nasema riwaya ile inauheshimu ujamaa kuliko mashairi mengi yaliyotungwa kuusifu, na watu wa Mara tulipaswa kuwa wa kwanza kuishika mkononi.

Kwa asiyeisoma, habari yake kwa ufupi ni hii. Kuna vijiji viwili, Kisole na Bucho. Kuna vijana wawili waliosoma, Mambosasa na Mamboleo, ambao wameubeba ujamaa vichwani mwao kama fikra. Kuna padre wa kizungu, Padre Madevu, na kuna wanakijiji ambao siku moja wanaambiwa wahame, waache nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao, wakaishi pamoja mahali palipochaguliwa na wengine. Wanakataa. Dola inakuja na nguvu zake. Baada ya hapo riwaya inakaa na swali ambalo halimwachii msomaji nafasi ya kupumua: jambo jema likiletwa kwa mabavu, linabaki jema kiasi gani?

Msomaji wa Mara analisoma swali hilo kwa namna ambayo msomaji wa Nairobi hawezi. Mwandishi hakuhitaji kumtaja Mwalimu. Swali lenyewe lilikuwa la Mwalimu tangu mwanzo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na Septemba mwaka huo huo Nyerere akatoa andiko lake la Ujamaa Vijijini. Mwaka 1968 akaandika Uhuru na Maendeleo. Katika maandiko hayo alishikilia kwa nguvu zote kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, wanajiendeleza wenyewe, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kuwalazimisha watu. Alieleza kwamba kazi ya kiongozi ni kushawishi, kueleza, na kuonyesha kwa mfano. Kulikuwa na watu waliokwisha kuufuata mfano huo kabla hata ya Azimio: wanakijiji wa Litowa na wenzao wa Ruvuma, waliojiunga kwa hiari katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakalima pamoja, wakaanzisha shule yao, wakapanga mambo yao katika mikutano yao.

Septemba 1969 chama tawala kikakivunja chama hicho cha Ruvuma. Novemba 1973 Mwalimu mwenyewe akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kazi iwe imekamilika. Kati ya andiko la 1968 na tangazo la 1973 ni miaka 5 tu. Katika miaka hiyo 5 ndimo ilimo riwaya ya Kezilahabi.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikaingia Mara. Katika ardhi yetu huku watu hawakuwa wamezoea kujipanga mistari. Mji wa mtu ulikuwa umekaa peke yake mgongoni mwa kilima au pembezoni mwa mbuga, umezungushiwa minyaa au katani, zizi katikati, mashamba yakianzia mlangoni. Mtu alijua udongo wake: hapa mtama, pale mihogo, kule bondeni viazi mwaka wa jua kali. Ndani ya wiki chache miji ya namna hiyo ilivunjwa. Malori ya serikali yalibeba watu na mizigo, paa ziliezuliwa ili mtu asirudi nyuma, penginepo nyumba zikachomwa moto. Familia zikateremshwa mahali palipopigwa kamba na vigingi, zikaambiwa zijenge. Na wakati ule ule nchi ilikuwa katika ukame uliotesa mazao kati ya 1973 na 1975, serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Hadi 1977 serikali ilihesabu zaidi ya watu milioni 13 ndani ya vijiji zaidi ya 7,000.

Ukipita leo kati ya Bunda na Kibara bado utaona mistari ya minyaa mizee imesimama katikati ya shamba la pamba bila sababu, haizungushii kitu. Mgeni atadhani ni mpaka wa shamba. Wenyeji wanajua kwamba hapo palikuwa mji wa mtu. Wanapaita mahame, na wengine bado wanataja mahame ya fulani, jina la mtu aliyekufa zamani, kama vile anaishi pale.

Hayo ndiyo Gamba la Nyoka inayaingia bila kupepesa macho. Kilichonishika safari hii ni jinsi mwandishi alivyokataa kuwagawa watu wake katika makundi mawili ya waovu na wema. Wanaopinga kuhama hawakupewa utakatifu. Ndani yao wamo walafi, wamo washirikina, wamo wanaopinga kwa sababu watapoteza ukubwa wao mdogo wa kijijini. Waliosoma nao wana maneno mengi kuliko matendo, na Kezilahabi, aliyekuwa mmoja wao, anawakaba. Anayemtafuta adui wa ujamaa katika kurasa zile hatamwona. Aliyemo ni mtu aliyeamini kwamba usawa ni kitu cha kweli, akaumia kuona unavyogeuzwa kuwa zoezi la kuhesabu vichwa.

Wanaodhani alikuwa mtetezi wa matajiri wairudie Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya yake ya 1975. Tumaini wa riwaya ile ni tajiri wa mashamba ambaye siasa mpya inamfikia mlangoni, naye anamuua kiongozi wa serikali, kisha anahukumiwa kifo. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa kumbukumbu iliyokuwa mbele yao. Sikukuu ya Krismasi ya 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, na baadaye Mwamwindi akanyongwa. Kezilahabi hakumtukuza Tumaini. Alimwonyesha kama mtu aliyetapanya ujana wake, akatajirika, akashindwa kuona kitu chochote zaidi ya mali yake. Toka kwa Tumaini wa 1975 mpaka kwa wanakijiji wa Kisole wa 1979 mwandishi alikuwa amesogea: kutoka kwa mtu mwenye mali nyingi mpaka kwa mtu mwenye jembe na nyumba ya nyasi. Wa kwanza ujamaa ulikuwa umemlenga. Wa pili ujamaa ulikuwa umeanzishwa kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyevunjiwa nyumba. Mabadiliko hayo ya mhusika yananiambia mengi kuhusu uzito wa moyo aliokuwa nao.

Kuna jambo jingine la mwaka 1974, nalo lilitokea hapa hapa. Novemba ya mwaka ule Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma: kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977, na anayetaka kwenda chuo kikuu kwanza afanye kazi. Miezi ile ile ambayo watu wa Mara walikuwa wakiteremshwa kwenye viwanja vipya, katika mji wao mkuu iliamuliwa kwamba watoto wao wote watasoma. Na kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza Kanda ya Ziwa miaka kadhaa kabla, kupitia mradi wa UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza kuanzia 1968. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, vya migomba, vya uvuvi. Baadaye likaja gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililosomwa chini ya miembe na watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wakitia dole gumba kwenye karatasi ya mnada wa pamba. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka kama asilimia 67 mwaka 1970 hadi asilimia 27 mwaka 1977.

Hapa ndipo nina ugomvi na riwaya ninayoipenda. Kezilahabi aliona lori, aliona kiboko, aliona mwanasiasa akihesabu kaya. Alikuwa sahihi kuviona. Lakini ubao mweusi haukupewa nafasi ya kutosha katika kurasa zake, wala kisima, wala zahanati. Mimi ni mtoto wa shule iliyojengwa kwa sababu watu walikusanywa. Bila kijiji kile, wazazi wangu wasingekuwa na shule inayofikika kwa miguu, na mimi nisingejua kwamba Ukerewe alizaliwa mtu aitwaye Kezilahabi. Operesheni ile ile iliyomwezulia babu yangu paa ndiyo iliyoniwezesha kuisoma hukumu yake. Sisemi hivyo ili kufuta machozi ya mtu. Nasema kwamba riwaya iliyochapishwa 1979 haikuweza kuwaona wasomaji wake, kwa sababu wengi wao walikuwa bado darasa la pili wanakariri a, e, i, o, u.

Na jina la riwaya? Nyoka hujivua gamba, akabaki nyoka. Msomaji wa 1979 aliweza kulisoma jina hilo kama onyo kwa viongozi waliovaa suti za ujamaa juu ya miili ya zamani. Mwalimu mwenyewe hakuwa mbali na wazo hilo. Februari 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka 10, alitoa tathmini ya wazi kabisa, akikiri kwamba Tanzania bado si nchi ya ujamaa wala haijajitegemea, na akayataja makosa ya uongozi na ya uzalishaji bila kuyapaka rangi. Nikiisoma tathmini hiyo kando ya Gamba la Nyoka, naona mwalimu wa Butiama na mwalimu wa Namagondo wakisahihisha daftari moja.

Lakini msomaji wa leo ana kitu ambacho Kezilahabi hakuwa nacho alipoandika. Mwaka 1991 chama tawala, sasa CCM, kilikutana Zanzibar na kulegeza miiko ya uongozi iliyowekwa Arusha. Kiongozi sasa aliruhusiwa mishahara miwili, hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha, vyote vilivyokuwa mwiko kwa miaka 24. Mwalimu, akiwa amestaafu na kurudi Butiama, hakuficha uchungu wake juu ya uamuzi ule, akaendelea kulishika Azimio la Arusha mpaka mwisho. Huku Musoma, kiwanda cha nguo cha umma, MUTEX, kilichosokota pamba ya Bunda na kuajiri watoto wa wakulima hao hao wa vijijini, kikaja kusimama, kisha kikabinafsishwa. Mkulima aliyelazimishwa kuhamia kijijini kwa jina la ujamaa alibaki kijijini. Waliomlazimisha ndio waliouhama ujamaa. Ukiisoma riwaya ukijua hayo, jina lake linakuwa na uzito ambao sidhani hata mwandishi aliutarajia.

Habari ya ardhi nayo haikuishia kwenye ukurasa wa mwisho. Miaka ya 1980 hali ilipolegea, watu katika mikoa mbalimbali walianza kudai mahame yao mahakamani, na waliopewa ardhi hiyo mwaka 1974 nao walikuwa na watoto waliozaliwa juu yake. Nani alikuwa na haki? Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta haki za kimila katika maeneo yaliyoguswa na operesheni na kuzifunga kesi hizo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba vifungu vilivyowafungia wananchi mlango wa mahakama ni batili. Ilichukua miaka 20 kwa swali la wanakijiji wa Kisole kusikilizwa na mahakama ya juu kabisa ya nchi. Wanafunzi wanaoisoma riwaya wangefundishwa pia kesi hiyo, maana inaonyesha kwamba Kezilahabi hakuwa akitunga hofu.

Mwandishi huyo hakuandika tena riwaya ya namna ile. Tamthilia yake Kaptula la Marx, aliyoiandika miaka ya 1970, ilikaa bila kuchapishwa mpaka 1999, mwaka aliofariki Mwalimu. Alikwenda Wisconsin, Marekani, kwa shahada ya uzamivu, akachapisha Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, vitabu vya ndoto na fumbo ambavyo havina mkuu wa wilaya wala kamba ya kupimia viwanja. Akafundisha Botswana miaka mingi. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Siku ile sikusikia hotuba yoyote Musoma.

Niliichukua nakala yangu mpaka kwa mama mkubwa, anayekaa upande wa Kibara. Alihamishwa mwaka 1974 akiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nilimsomea kurasa za uhamisho, penginepo nikimweleza kwa Kijita, naye akawa anachambua dagaa bila kuniangalia. Niliposimama aliuliza mwandishi ni wa wapi. Nikasema Ukerewe. Akaitikia kwamba basi anajua anachokisema, lakini kuna mambo hakuyaweka.

Akayataja. Jiwe la kusagia, kwanza. Lori halikulichukua kwa sababu dereva alisema wanabeba watu, hawabebi mawe. Alirudi kulifuata siku ya tatu, akalibeba kichwani na mwanawe mgongoni, kwa sababu pale walipoteremshwa hapakuwa na mashine wala mtu wa kuazima kwake. Mwandishi wako, akasema, ameandika wanaume wakibishana habari za kuhama. Wanaume walibishana kweli. Sisi tulikuwa tunauliza choo kitachimbwa wapi, na maji ya mtoto yatapatikana wapi kabla giza halijaingia. Nyumba ya kwanza kijijini pale, aliniambia, ilisimamishwa na wanawake watatu ambao hawakuwa wa ukoo mmoja wala wa kabila moja, na hakuna kiongozi aliyewapanga. Walikata miti pamoja kwa sababu mvua zilikuwa karibu. Walipokezana watoto. Walikula chungu kimoja mpaka mavuno.

Nilimuuliza kama huo haukuwa ndio ujamaa wenyewe. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kama maji ni maji, akasema nimsomee kurasa zinazofuata, labda huyo mtu wa Ukerewe ameliandika hilo mbele. Sikulikuta. Kwa hiyo namwambia kijana yeyote wa Bunda, Butiama au Musoma anayejifunza kuandika kwamba sehemu hiyo ya riwaya bado ina nafasi, na waliokuwa na umri wa kulikumbuka jiwe la kusagia sasa ni watu wa miaka 70 na 80. Waendewe mwaka huu, na aendaye aende na Gamba la Nyoka mkononi, maana mama mkubwa hakuanza kusimulia mpaka aliposikia ya kwake yakisomwa kitabuni.